Upawa Mmoja

Jumatatu asubuhi, binti wa mwonjaji aliamka sikio lake la kushoto likiwa plastiki.

Mama yake ndiye aliyegundua, wakati akimchana nywele kabla ya shule. Kitana kiligonga sikio kikasema tik. Akagonga tena kwa ukucha, likasema tik. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Sikio lilikuwa zuri, lenye mikunjo yake yote, ila lilipitisha mwanga. Kupitia humo aliona ukuta, na kwenye ukuta kalenda, ingawa tarehe zilikuwa zimepinda kidogo.

"Baba Chiriku," aliita. "Hebu njoo umtazame mtoto."

Mwonjaji alikuja na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alitazama. Alilijua plastiki lile. Alikuwa akilitengeneza mwaka wa tatu sasa.

"Linauma?" mama aliuliza.

"Haliumi," alisema mtoto, ambaye aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. "Linasikia vizuri tu, ila ninyi mnaongea kama mko ndani ya ndoo. Mama, naweza kuwaonyesha wenzangu? Mama, watalipiga tik kwa zamu. Mama, na la pili litakuwa hivi hivi?"

Mwonjaji alirudi chumbani kama mtu aliyesahau kitu, akakaa kitandani. Alifungua mdomo mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akatoa ulimi. Ncha ya ulimi ilikuwa inapitisha mwanga, kama ilivyokuwa jana, na mwezi uliopita, na ule mwezi mwingine. Alikuwa hajamwonyesha mtu. Alidhani ni mambo ya joto.

Kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza plastiki kwa magunzi ya mahindi. Magunzi yalisagwa, yakamwagwa kwenye tangi la kwanza, na humo yakawekewa vimeng'enya. Kimeng'enya si mdudu na si dawa; ni kitu kidogo sana kisichoonekana, chenye kazi moja tu, na hakichoki. Vile vya tangi la kwanza wafanyakazi waliviita wakataji, kwa sababu vilikata magunzi vipande vipande mpaka yakawa sukari. Sukari ikikolea, bomba lilifunguliwa, ikaenda tangi la pili, na huko kulikuwa na vimeng'enya vingine, washonaji, vilivyoiunga sukari hiyo uzi kwa uzi mpaka ikawa plastiki safi lisilo na tone la mafuta ya ardhini. Ukilizika, siku tisini linarudi kuwa udongo. Maneno hayo yaliandikwa kwenye geti kwa rangi ya kijani.

Sukari ilitakiwa ifike kipimo cha kumi na nane. Mashine ya kupimia iliharibika zamani, ikawekwa kwenye boksi lake kungoja kifaa, na mahali pake pakawekwa ulimi wa mtu. Mwonjaji alikuwa na ulimi mzuri. Alichota kwa upawa, akaonja, akasema kumi na saba, au kumi na saba na nusu, na hakuwahi kukosea.

Pawa zilitakiwa ziwe mbili. Moja ya kuonjea tangi la kwanza, nyingine ya kuchotea tangi la pili na kutazama kama uji unavuta nyuzi. Ukutani palikuwa na tangazo: UPAWA WA TANGI LA PILI USIINGIE TANGI LA KWANZA. Chini yake palikuwa na misumari miwili. Upawa ulining'inia kwenye msumari mmoja. Ule wa pili ulichukuliwa siku wageni walipokuja kusherehekea mwaka wa kwanza wa kiwanda, ukafungiwa kwenye kabati la vioo pale mapokezi, na kikaratasi: Upawa wetu wa mwanzo.

Pawa zenyewe zilikuwa za kioo kinene. Chuma kinaua vimeng'enya. Mti unaliwa na wakataji. Plastiki la zamani lilipigwa marufuku kuvuka geti, maana wageni wangeliona. Basi mwonjaji aliusuuza upawa ule ule mmoja kwa maji ya bomba kati ya tangi na tangi. Washonaji hawatoki kwa maji ya bomba.

Na kulikuwa na kanuni nyingine: namba ya siku isitoke nje ya geti. Mwonjaji aliitii kanuni hiyo kwa watu wote duniani isipokuwa mmoja. Kila siku alipofika nyumbani, Chiriku alimrukia shingoni na kuuliza, "Leo ngapi?" Naye aliweka mdomo kwenye sikio la kushoto la mtoto, karibu kabisa, akanong'ona namba.

Alipokumbuka hilo, pale kitandani, alijiziba mdomo kwa kiganja.

Daktari wa zahanati aliligonga sikio kwa kalamu, akaligeuza, akamulika tochi upande mmoja na kutazama mwanga ukitokea upande wa pili.

"Hili si gonjwa, mama," alisema. "Hili ni bidhaa. Wapelekee wenyewe."

Wakaenda kiwandani. Mkaguzi wa ubora alimkalisha Chiriku juu ya meza, akalipima sikio unene kwa kifaa chake.

"Milimita mbili na nusu, kotekote," alisema. Akatazama tena, karibu zaidi. "Halina povu hata moja. Sisi humu ndani mapovu yametushinda tangu tufungue."

"Hongera yake," alisema mama Chiriku. "Sasa linatibiwaje?"

"Halitibiwi. Linatunzwa. Mahali pakavu litakaa miaka. Penye unyevu na joto, ni siku tisini."

"Mtoto ni wa joto. Na akicheza anatoka jasho."

"Basi asicheze."

"Na hizo siku tisini zikiisha," mwonjaji aliuliza, "linaoza plastiki tu?"

Mkaguzi alikuwa akijaza fomu yake. "Uozo ukianza, haujui plastiki linaishia wapi na mtu anaanzia wapi," alisema. "Kwa hilo siwezi kukudanganya, ndugu yangu." Akaandika: daraja la kwanza. Akampa Chiriku nakala.

Tangu siku hiyo mwonjaji hakumsogelea mtoto wake. Alikula kwa sahani yake peke yake, akalala sebuleni, akaongea akiwa mlangoni na kiganja mdomoni. Chiriku alipokuja mbio saa za jioni, baba alirudi nyuma hadi ukutani, na mtoto akasimama katikati ya chumba mikono ikiwa imefunguka.

"Leo ngapi?"

"Leo sijui."

"Muongo. Wewe hukosi kujua."

Shuleni mwalimu alimhamisha dawati lisilo karibu na dirisha. Watoto walipanga mstari kulitazama jua kupitia sikio, kisha wakazoea, wakarudi kwenye kamba zao. Chiriku hakuruhusiwa kuruka kamba. Alishika ncha moja na kuwahesabia wenzake.

Mwonjaji alikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza. Kabla yake, kazi ile ilifanywa na mzee waliyemwita Kumi na Nane, mtu aliyestaafu ghafla na hakuaga. Jumatano baada ya zamu alimtafuta, akamkuta kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye madirisha yaliyozibwa pembeni kwa gundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Futa miguu. Futa vizuri, mpaka ikauke."

Ndani palikuwa na hewa kavu ya kukwaruza koo. Kwenye kona kulikuwa na mashine iliyonguruma, yenye nembo ya kiwanda, na bomba lake lilidondosha maji kwenye ndoo. Kwenye kiti, mbali na ukuta, alikaa mke wa mzee. Alikuwa plastiki kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Mwanga wa taa uliingia begani mwake na kutokea kiunoni. Macho tu yalikuwa ya kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema yule mama, na sauti ilizunguka ndani yake kabla ya kutoka. "Nje kuna mvua?"

"Hapana, mama."

"Na mawingu?"

"Yapo kidogo."

Mzee Kumi na Nane alimtazama mwonjaji kwa jicho baya, akachukua kitambaa kikavu na kuanza kumfuta mkewe mabega, taratibu, kama anayetuliza mtoto. "Mwaka wa nne huu," alisema. "Walinipa mashine. Inanyonya unyevu wote. Na mimi nikatia sahihi kwamba sijui kitu."

"Ulinifundisha kazi mwezi mzima, mzee. Tulikaa benchi moja. Hukuniambia."

"Ningekwambia, ungekubali kuonja?"

"Nisingekubali."

"Wewe usingekubali, na mwenzio asingekubali. Kiwanda kingesimama. Kikisimama, hii inazimwa." Alionyesha mashine kwa kidevu. "Nilikuwa na fundisho moja tu la kukupa, nikakupa. Kumi na nane, fungua bomba."

Mwonjaji alipotoka, yule mama aliuliza tena kama kuna mvua.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Zilinyesha asubuhi, zikanyesha mchana, kuta zikatoa jasho na chumvi ikayeyuka kwenye kopo. Siku ya nne ukingo wa chini wa sikio ukawa laini. Ulinuka magunzi mabichi. Mama Chiriku alitafuta nyumba nzima mpaka akapata mfuko mmoja wa nailoni wa zamani, ule usiooza hata ukizikwa miaka mia, akaufunga kuzunguka sikio la mtoto kwa kitambaa.

"Mimi ni mzigo wa sokoni," alisema Chiriku.

"Nyamaza usitoke jasho."

Usiku huo mtoto alipata homa. Mto ulilowa. Asubuhi walipoufungua mfuko, ndewe ya sikio ilikuwa imebaki ndani yake, nyeusi, laini kama udongo wa bustani. Pale ilipokatikia, plastiki lilikuwa na ukungu mweupe, na ukungu huo ulikuwa umepanda upana wa kidole kuelekea kichwani.

Mwonjaji alisimama mlangoni, kiganja mdomoni. "Usiogope, mama Chiriku," alisema.

"Siogopi tena. Nimeshaogopa nikamaliza." Mkewe aligeuka. Alijipangusa mdomo kwa kanga, na rangi ya mdomo ilipotoka, mwonjaji aliona kona ya mdomo wa chini, mahali alipozoea kumbusu akienda kazini. Ukubwa wa punje ya mahindi. Ilipitisha mwanga.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili. Nilidhani nikisema utaacha kazi."

Siku hiyo mwonjaji alimwendea msimamizi wa zamu.

"Naomba ule upawa wa kwenye kabati."

"Ule ni kumbukumbu," alisema msimamizi.

"Misumari ni miwili, bosi."

"Naiona. Ufunguo anao mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini. Anawaeleza watu jinsi plastiki letu lisivyomdhuru mtu."

Fundi wa mitambo, aliyekuwa chini ya pampu akikaza nati, alisikia yote. Msimamizi alipoondoka alitoa kichwa.

"Ukionja kwa upawa safi, ulimi utasafika," alisema. "Nimesoma kwenye kitabu cha tangi. Miezi mitatu, minne. Utambusu mtoto mpaka akuchoke."

"Kabati limefungwa."

"Limefungwa mbele. Bawaba ziko nyuma, skrubu nne." Alisukuma bisibisi sakafuni kwa mguu. "Sikukupa. Umeokota."

Saa ya chakula, mapokezi pakiwa patupu, mwonjaji alilivuta kabati, akafungua skrubu nne na kuutoa upawa. Ulikuwa na vumbi. Akaurudisha msumarini kwake, pawa mbili zikaning'inia chini ya tangazo kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akachota tangi la kwanza kwa upawa wa tangi la kwanza. Akaonja. Ilikuwa kumi na sita na robo. Machozi yalimtoka, na wenzake walidhani ni mvuke.

Pawa mbili zilikaa ukutani siku mbili.

Siku ya tatu aliitwa ofisini. Juu ya meza ya msimamizi kulikuwa na karatasi, na kando ya meza mashine mpya ya kunyonya unyevu, ikiwa bado kwenye boksi lake.

"Tumesikia habari za mtoto," alisema msimamizi. "Pole sana. Hii ni yake. Itaanza kufanya kazi leo ukitaka, gari lipo."

Mwonjaji aliitazama mashine. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati kama mawe. Ule ukungu mweupe ulikuwa umepanda upana wa kidole cha pili.

"Na mimi nifanye nini?"

"Uweke sahihi. Uendelee kuonja. Na upawa urudi kabatini, wageni wanakuja Ijumaa."

"Bosi, niachie upawa. Nitasaini kingine chochote. Niachieni upawa nimsogelee mwanangu."

"Pawa zikiwa mbili ukutani, mtu atauliza kwa nini zilikuwa moja." Msimamizi hakuwa na ubaya usoni. Alionekana amelala vibaya. Alipogeuka kutafuta kalamu, mgongo wake uligonga kiti chini ya shati, ukasema tik. "Mimi sikutunga mambo haya, baba Chiriku. Mashine au upawa. Vyote viwili sina."

Mwonjaji aliupiga moyo konde, lakini konde halikupiga kitu. Moyo ulikuwa umeshajua. Aliweka sahihi. Alienda ukutani, akauosha upawa wa tangi la kwanza, akaukausha kwa shati lake. Aliurudisha kabatini yeye mwenyewe, akakaza skrubu nne, na kikaratasi kilichokuwa kimelala akakisimamisha.

Saa kumi jioni mashine ilinguruma kwenye chumba cha Chiriku. Kesho yake ukungu ulisimama. Keshokutwa ulikauka ukawa vumbi, na mama yake akaufuta kwa kitambaa kikavu. Mtoto alikohoa kwa sababu ya hewa kavu, akazoea. Aliishi humo chumbani msimu wote wa mvua, na kila aliyepita dirishani, Chiriku alimwita na kumuuliza kama kuna mawingu.

Mwezi uliofuata kiwanda kiliongeza zamu, wakamletea mwonjaji mtu wa kumfundisha. Alikuwa mwanamke kijana. Alikuwa na mtoto mchanga ambaye bibi yake alimleta getini kila siku saa nne kunyonya, na kabla ya kumrudisha kwa bibi, mama alimbusu kwenye utosi, mara nyingi, kwa pupa, kama mtu aliyeibiwa muda.

"Kaka," aliuliza siku ya kwanza, akitazama tangazo na misumari miwili. "Kuna kitu chochote natakiwa kujua?"

Getini mtoto alikuwa akilia. Mwonjaji alikisikiliza kilio hicho, na nyuma yake, kwa mbali sana, kichwani mwake, mngurumo wa mashine.

"Ikifika kumi na nane," alisema, "fungua bomba."

Akamkabidhi upawa.

Jioni alisimama mlangoni pa chumba cha Chiriku, pale mama alipochora mstari kwa chaki.

"Leo ngapi?" mtoto aliuliza.

Aliinua vidole vyote kumi, akavishusha, akainua vinane. Mtoto aliviona, akacheka, akaviandika ukutani kwa penseli chini ya vingine.

Hadi mvua zilipokatika, hesabu ilikuwa hii. Sikio moja, bila ndewe. Kona moja ya mdomo. Ncha ya ulimi. Utosi wa mtoto mchanga, ukubwa wa sarafu, ulioonekana wiki ya sita. Hatua nne kutoka mlangoni hadi kitandani, ambazo baba hakuzipiga tena. Misumari miwili, upawa mmoja.